Sayansi nje ya darasa: mwanao anapima nini chini ya mwembe wa shule?

Swali hili huja mara kwa mara kwenye namba ya kipindi. Mtoto karudi nyumbani Sibwesa, kaulizwa amesoma nini leo, anajibu kwamba walikuwa nje na mwalimu, wamepima mti kwa kamba na kuchungulia kichuguu. Mzazi anashika simu na kutuuliza: hiyo ndiyo shule niliyomnunulia sare?

Hofu hiyo ina msingi. Wengi tuliosoma shule za msingi vijijini tunakumbuka "kazi za nje": jembe, ndoo ya maji, kufyeka, na mara nyingine kupalilia shamba ambalo mavuno yake hatukuyaona. Elimu ya Kujitegemea, aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967, ilitaka shule iwe na shamba ili mtoto ajifunze kwa kutenda, ashiriki kupanga, na aone hesabu ya kile alichozalisha. Sehemu nyingi jembe lilibaki, hesabu ikapotea njiani.

Kwa hiyo tofauti ya kazi na somo iko hapo. Mtoto aliyetumwa kuchota ndoo kumi za maji amefanya kazi. Mtoto aliyechota ndoo moja, akapima ina lita ngapi, akakadiria itatosha miche mingapi, kisha baada ya wiki akaandika mche upi umekauka na kwa nini, huyo amesoma sayansi. Mzazi akitaka kujua mwanawe alikuwa wapi kati ya hayo mawili, aombe kuona daftari. Kama alitoka nje na swali, akarudi na vipimo vilivyoandikwa, alikuwa darasani hata kama hapakuwa na ukuta.

Makala hii inaeleza masomo ya namna hiyo yanafanyikaje katika mazingira yetu ya Katavi, yanahitaji vifaa gani, na hatari zake ni zipi.

Kamba, mti na fedha za kijiji

Tuanze na ile kamba, maana ndiyo inayochekwa zaidi.

Katika Wilaya yetu ya Tanganyika vipo vijiji vinane vilivyomo kwenye mradi wa hewa ya ukaa wa milima ya Ntakata. Kwa lugha rahisi ni hivi: mti hufyonza hewa ya ukaa na kuihifadhi ndani yake kama shina, matawi na mizizi. Ukikatwa na kuchomwa, hewa hiyo inarudi angani. Msitu ukilindwa ukabaki umesimama, wapo wanunuzi wa mbali wanaolipia, na kijiji kinapata fedha. Msikilizaji anayeishi maeneo hayo ameshaona majengo yaliyotokana nazo.

Sasa, kiasi cha ukaa kilichomo ndani ya mti kinajulikanaje bila kuukata? Wataalamu huanza na unene wa shina, unaopimwa mita 1.3 kutoka ardhini, yaani kwenye kifua cha mtu mzima. Ni kipimo kilekile ambacho mtoto wa darasa la tano anaweza kukichukua kwa kamba na rula. Unazungusha kamba kwenye shina kwa kimo hicho, unaweka alama inapokutana, unainyoosha na kuipima. Huo ni mzingo. Ugawe kwa 3.14 upate kipenyo. Mti wenye mzingo wa sentimita 94 una kipenyo cha karibu sentimita 30.

Urefu wa mti nao haumlazimu mtu kupanda. Simamisha kijiti cha mita 1 kwenye ardhi tambarare, pima kivuli chake. Papo hapo pima kivuli cha mti. Kijiti cha mita 1 kikiwa na kivuli cha sentimita 80, na mti una kivuli cha mita 12, gawanya 12 kwa 0.8: mti una mita 15. Ni hesabu ya uwiano, ileile inayomtoa mtoto jasho ubaoni. Nje inaeleweka kwa sababu mti upo mbele yake na anaweza kubishana na mwenzake.

Mimi naona hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Baada ya miaka kumi, huyu mtoto atakaa kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kusomewa takwimu za msitu, za mvua, za mavuno. Aliyewahi kupima mti mwenyewe atanyoosha mkono na kuuliza mmepima miti mingapi na kwa namna gani. Asiyewahi kupima atapiga makofi tu, kisha alalamike njiani.

Majina ya miti, na walimu wasio na chaki

Mti ukishapimwa unahitaji jina, na hapo mwalimu anaweza kukwama. Mwalimu aliyepangiwa Katavi akitokea Kilimanjaro au Mtwara hajui lazima mninga unatofautianaje na mkurungu. Wapo wanaojua: bibi na babu wa watoto haohao, warina asali, mafundi seremala, wachimba dawa.

Hili si jambo la kumtia mwalimu aibu. Watafiti wa Kijapani waliofika Mahale miaka ya 1960 kuchunguza sokwe, akiwemo Toshisada Nishida aliyeanza kazi huko mwaka 1965, waliwategemea sana Watongwe waliotembea nao msituni. Mwaka 1981 yeye na mwenzake walichapisha orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe. Wazee wetu waliwafundisha maprofesa, sembuse darasa la nne.

Na kata zetu zina utajiri mwingine. Katika darasa moja utakuta mtoto wa Kibende, wa Kifipa, wa Kisukuma, wa Kiha. Kazi nzuri ya nyumbani ni hii: kila mmoja aende na jani moja (jani tu, si tawi zima) na kuuliza wazazi linaitwaje kwao na mti wake una matumizi gani. Kesho yake ubaoni mti mmoja una majina manne. Watoto wanagundua wenyewe kwa nini wanasayansi waliamua kuupa kila mti jina moja la Kilatini linalotumika dunia nzima, na hawalisahau tena somo la uainishaji wa viumbe. Mninga, kwa mfano, kitaalamu ni Pterocarpus angolensis. Ukiukata gome unatoa utomvu mwekundu kama damu, na tunda lake ni la duara, lina bawa pembeni na vinywele vigumu vinavyochoma katikati.

Kuna na kalenda. Miti ya miombo inachipua majani mapya, mengi yakiwa mekundu, kabla ya mvua kuanza, mwezi Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa kavu kabisa. Inapata wapi maji? Mwalimu asiharakishe kujibu. Awaache watoto wachague miti mitano kuzunguka shule, waandike kila wiki: majani yameanguka, yamechipua, maua, matunda. Mazungumzo ya mizizi mirefu na akiba ya maji ndani ya shina yatakuja yenyewe.

Chupa ya maji inayopima mvua

Kifaa cha pili kinaokotwa stendi. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka. Ikate sehemu ya juu, pale inapoanza kubana, ugeuze kile kichwa na kukiingiza ndani kichwa chini, kama funeli ya mafuta ya taa. Weka kokoto chini ili isiangushwe na upepo, mimina maji mpaka yazifunike na kufika kwenye ubavu ulionyooka, kisha chora mstari. Hapo ndipo sifuri. Bandika rula ya karatasi kuanzia hapo kwenda juu, ukiilinda kwa selotepu isilowe.

Iwekwe mahali pa wazi, mbali na paa na miti, na isomwe kila siku saa tatu asubuhi, hata siku isiyo na mvua, maana sifuri nayo ni taarifa. Baada ya kusoma, maji yarudishwe kwenye mstari wa sifuri.

Utamu wake uko kwenye hesabu. Mvua ya milimita 1 maana yake ni lita 1 kwenye kila mita ya mraba. Paa la madarasa mawili linalofunika eneo la mita 20 kwa mita 8 ni mita za mraba 160. Mvua ya milimita 25, ambayo kwetu ni mvua ya kawaida tu ya jioni moja ya Januari, inaangusha juu ya paa hilo lita 4,000. Zikipotea kidogo kwenye mifereji, bado ni karibu tangi zima la kawaida la shule. Watoto wakishaipata hesabu hii wenyewe, wana haki ya kuuliza kwa nini bado wanabeba ndoo kutoka kisimani. Nimeona kamati ya shule inaweza kupuuza barua ya mwalimu, lakini bango lililoandikwa na watoto kwa namba zao linasumbua watu kikaoni.

Saa sita ya simu na saa sita ya jua

Hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu kitabu kilichoandikwa Dar es Salaam hakiwezi kumwambia mtoto wa Sibwesa.

Simamisha kijiti kilichonyooka uwanjani. Kuanzia saa tano na nusu asubuhi hadi saa saba na nusu mchana, watoto waweke jiwe dogo kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi. Kivuli kitafupika, kisha kitaanza kurefuka tena. Kile kifupi kuliko vyote ndicho adhuhuri ya jua. Wengi watatarajia kiwe saa sita kamili. Hakitakuwa. Katika eneo letu kitatokea kati ya saa 6:40 na saa 7:10 mchana hivi, kutegemea mwezi.

Sababu ni kwamba nchi nzima tunatumia saa moja, iliyopangwa kufuata mstari wa longitudo nyuzi 45 mashariki, ulioko mbali huko baharini ukipita Somalia. Mpanda iko karibu nyuzi 31. Dunia huzunguka nyuzi 1 kwa dakika 4, kwa hiyo nyuzi 14 ni karibu dakika 56. Kwa hesabu hiyohiyo jua linatuzamia sisi zaidi ya nusu saa baada ya kuzama Dar es Salaam. Aliyewahi kumpigia ndugu yake simu jioni, huko wamewasha taa na hapa watoto bado wanacheza mpira, alikuwa anaijua jiografia hii bila kuisoma.

Mwezi Juni kivuli cha adhuhuri kitaangukia kusini, kwa sababu jua liko kaskazini yetu. Desemba kitaangukia kaskazini. Na kuna siku mbili kwa mwaka, karibu tarehe 4 Machi na karibu tarehe 9 Oktoba, ambapo jua linapita juu kabisa ya vichwa vyetu na kijiti kilichonyooka kinakosa kivuli kwa muda mfupi. Shule ikikosa kufanya lingine lolote mwaka mzima, isiikose siku hiyo.

Kichuguu

Vichuguu tunavyo vya kutosha. Mtoto anajua kumbikumbi wanaliwa. Pengine hajui kwamba ni mchwa walewale wenye mbawa, madume na majike wanaoruka mvua zinapoanza kwenda kuanzisha makazi mapya. Wale mchwa wakubwa wanaojenga vichuguu virefu hawawezi kumeng'enya kuni peke yao. Wanalima uyoga ndani, wanaulisha mabaki ya majani na kuni, kisha wao wanaula. Ule uyoga mkubwa mtamu unaoota kwenye vichuguu masika unatokana na mashamba hayo ya chini.

Somo la vitendo ni la udongo. Chukua konzi mbili za udongo wa kichuguu na konzi mbili za udongo wa hatua ishirini kutoka hapo, kila mmoja kwenye chupa yake angavu, jaza maji, tikisa, uache mpaka kesho. Mchanga unatulia chini, tope la kati juu yake, mfinyanzi mwisho. Pima kila tabaka kwa rula. Watoto wataona kwa nini udongo wa kichuguu unashikana kwenye tofali, na kwa nini wakulima wengine husambaza udongo huo shambani.

Na ni kichuguu kilichobadili sayansi ya dunia, si mbali na hapa. Mwaka 1960, huko Gombe mkoani Kigoma, Jane Goodall alimwona sokwe akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu, akilivuta na kula mchwa waliong'ang'ania. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini binadamu peke yake ndiye anayetengeneza na kutumia zana. Goodall wakati huo hakuwa na shahada ya chuo. Alikuwa na darubini, daftari na uvumilivu. Cambridge alikwenda baadaye. Sokwe wa aina hiyohiyo wapo mpaka leo katika misitu ya wilaya yetu.

Mwaka 1991 mwanamama huyo alikutana jijini Dar es Salaam na wanafunzi 12 nyumbani kwake, na hapo ikazaliwa Roots & Shoots, mtandao wa vilabu vya vijana ambao umesambaa nchi nyingi. Alifariki tarehe 1 Oktoba 2025. Kabla ya vilabu hivyo tulikuwa tayari na Malihai, vilabu vya uhifadhi mashuleni vilivyoanza mwaka 1980, na jirani zetu Kenya walianzisha vya kwao mwaka 1968. Shule inayotaka kuanzisha klabu haihitaji kusubiri mradi. Inahitaji mwalimu mlezi mmoja na siku moja ya wiki isiyobadilika.

Watoto tisini na mwalimu mmoja

Walimu watasema: darasa langu lina watoto tisini, nikiwatoa nje nusu watapotelea dukani. Kweli. Njia inayowezekana ni vikundi vya watoto kumi, kila kikundi kiwe na mpimaji, mwandishi, mshika kamba na msimamizi wa muda, na wabadilishane wiki ijayo. Mwandishi asiwe msichana kila mara kwa sababu ya mwandiko mzuri, wala mpimaji asiwe mvulana kila mara. Vikundi vitano vitoke, vinne vibaki na zoezi la kitabu, kisha wabadilishane. Kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki kinatosha. Na eneo lenyewe si lazima liwe msitu: kamba ya mita 4 ikifungwa kuwa mraba wa mita 1 kwa 1, ikawekwa chini ya mwembe, halafu njiani panapokanyagwa, halafu palipoungua moto, watoto wakahesabu mimea na wadudu kila mahali, hilo ni somo kamili la ikolojia ndani ya uzio wa shule.

Kuhusu mitihani, mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unataka mtoto aonyeshe umahiri, si kukariri peke yake, na una somo la Sayansi pamoja na Jiografia na Mazingira kuanzia darasa la tatu. Anayepima mvua kila siku haibi muda wa mtihani.

Tahadhari ambazo hazina mjadala

Watoto wavae viatu, na mkono usiingizwe kwenye shimo, kwenye kichuguu wala chini ya gogo. Swila, kifutu na koboko wote wapo kwetu. Mtoto akiumwa na nyoka, asichanjwe, asifungwe kamba ya kubana, sumu isinyonywe. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, apelekwe kituo cha afya mara moja kwa pikipiki au gari lolote lililo karibu.

Uyoga, matunda na mizizi wasiyoyajua hayaonjwi, hata kwa utani. Kwenye mabwawa na mito wasiingie: kuna kichocho, na sehemu nyingine mamba na viboko. Maji ya kuchunguza yachotwe na mtu mzima kwa ndoo yenye kamba. Karibu na pori, mbung'o huvutwa na rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi, na sketi na kaptula za sare za shule nyingi ni za bluu hiyo. Siku ya kwenda upande huo wavae nguo za rangi nyepesi, maana mbung'o ndio wanaoeneza malale. Panapopita tembo, msitoke alfajiri wala jioni.

Mkitaka kuingia msitu wa hifadhi wa kijiji, mwalimu mkuu aombe ruhusa serikali ya kijiji na atembee na mgambo wa msitu. Wengine wanarekodi doria zao kwa simu, na watoto watapenda kuona ramani ile. Wazazi waambiwe siku mbili kabla, kwa maandishi: tunakwenda wapi, tunapima nini, tunarudi saa ngapi. Simu nyingi za malalamiko tunazopokea zingekwisha hapo.

Kwa miti ya shule, wekeni alama ndogo ya rangi kwenye kimo cha mita 1.3 na namba kwenye kibati kilichofungwa kwa waya uliolegea, usije ukaukaba mti. Daftari la vipimo libaki ofisini kwa mwalimu mkuu, si kwenye mkoba wa mtoto wala nyumbani kwa mwalimu anayeweza kuhamishwa, maana mti uliopimwa na darasa la nne mwaka huu utapimwa tena mwakani, kwenye alama ileile, na wadogo zao.